Sinema Mbili na Mtoto Mmoja



Yafaa niseme mapema: mimi si mjuzi wa sinema. Sijui namna picha zinavyotengenezwa, wala majina ya wachezaji siyashiki. Natazama sinema kama mkulima atazamavyo mpira siku ya Jumapili alasiri. Kazi imekwisha, rafiki amemwita, basi anakaa pembeni na kutazama. Na wakati wa kurudi nyumbani ana maneno mengi kuliko hao waliocheza. Lakini mwezi wa Agosti 2022 nilionyesha sinema mbili katika ukumbi wetu hapa Kiwanja, moja ya bastola na farasi, nyingine ya kuchekesha. Nilidhani ni burudani ya likizo tu. Kumbe mwaka uliofuata jambo liligonga mlango wangu, nami nikajikuta naziwaza sinema hizo mbili usiku na mchana. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Siku ya kwanza, mzee mmoja wa baraza la parokia aliniona nimebeba shuka jeupe na mashine ya kuazima. Akasimama, akaegemea fimbo yake, akaniuliza, "Mwalimu, katekisimu na sinema, wapi na wapi?"

Nikamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, si jambo jipya. Mapadri wa zamani walikuja nazo."

Na kweli ndivyo. Papa Pius XI aliandika barua juu ya sinema mwaka 1936. Papa Pius XII akaandika nyingine mwaka 1957, juu ya sinema, redio na televisheni. Hawakusema kwamba sinema ni kazi ya shetani. Walisema ni chombo chenye nguvu, kwa hiyo watu wajifunze kuchagua. Sisi wa huku tungesema ni kama uyoga: mmoja ni kitoweo, mwingine ni sumu, na yote miwili huota baada ya mvua ileile.

Katika nchi yetu ya Kongo, sinema za bastola na sinema za vichekesho zilikuwa na wapenzi wake tangu zamani. Kule Kasai, miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, na watu wakacheka sana. Huku kwetu Kivu, Padri De Vloo wa Mapadri Weupe alikuwa akitengeneza picha zake Bukavu. Wakati huohuo vijana wa Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, walikuwa wakitazama picha za Buffalo Bill na wachunga ng'ombe wa Marekani. Picha hizo zikawaingia kichwani. Wakajiita Bills, wakafunga vitambaa shingoni, wakavaa kofia pana, wakaipa mitaa yao majina kama Texas, wakapigana ngumi kama walivyoona. Wazazi walihuzunika. Padri Jef de Laet, naye wa Scheut, hakuwafukuza. Aliwaendea, akakaa nao, hata wakamwita Père Buffalo.

Basi mtu asiseme kwamba sinema ni kivuli tu juu ya shuka. Tena Kanisa lenyewe halikudharau aina hizi mbili. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zinazostahili kukumbukwa. Ndani yake imo Stagecoach ya John Ford ya mwaka 1939, ambayo ni ya farasi na bastola. Imo pia Modern Times ya Charlie Chaplin ya mwaka 1936, ambayo ni ya kuchekesha. Mzee wangu aliposikia hayo alitikisa kichwa, akasema, "Haya, nitakuja. Lakini nitakaa karibu na mlango."

Sasa niwaeleze mambo yalivyokuwa mwaka ule. Mwezi wa Machi mapigano yalikuwa yameanza tena upande wa Jomba na Bunagana. Wakimbizi walishuka kwa maelfu kuja Rutshuru na Kiwanja, wakalala mashuleni na makanisani. Katika mkondo huo alikuja mtoto mwanamume wa miaka kama saba, peke yake, ameshika sufuria isiyo na mfuniko. Alijua jina lake, jina la kilima chao, na jina la mbuzi wao. Mama yake alikuwa amekwisha kufa zamani. Baba yake alipotea njiani usiku wa mapigano. Mke wangu alimwosha, akampa uji, akamlaza pamoja na watoto wetu watatu. Tulisema, ni kwa siku chache. Miezi mitano baadaye alikuwa akiniita Baba.

Mimi nikamchukua ukumbini pamoja na wengine. Umeme haukutusumbua. Mapadri wa zamani walihangaika na mota za petroli, lakini sisi tangu Desemba 2015 tunao umeme wa Matebe, kituo cha megawati 13.8 kilichojengwa juu ya mto wetu wa Rutshuru. Shuka likatundikwa, watoto wakaketi chini mbele, wazee kwenye mabenchi, na mzee wangu karibu na mlango.

Sinema ya kwanza yaitwa News of the World, maana yake Habari za Ulimwengu. Ilitoka Marekani Desemba 2020. Aliyeiongoza ni Mwingereza, Paul Greengrass, na mchezaji mkuu ni Tom Hanks. Hadithi yake ilitoka katika kitabu cha Paulette Jiles cha mwaka 2016. Mambo yake yanatukia Texas mwaka 1870, miaka mitano baada ya Wamarekani kumaliza vita vya wao kwa wao. Nchi imechoka. Walioshindwa wana uchungu, walioachwa huru kutoka utumwani wanawindwa njiani, na kila mtu ana bunduki.

Katika nchi hiyo anapita mzee mmoja, Kapteni Kidd, aliyekuwa askari wa upande ulioshindwa. Kazi yake ni ya ajabu: anabeba magazeti, anakwenda mji hata mji, anawasomea watu habari jioni, na kila msikilizaji hulipa senti kumi. Siku moja njiani anamkuta msichana mdogo, Johanna. Wazazi wake walikuwa wahamiaji wa Kijerumani, wakauawa, naye akachukuliwa na Wahindi wa kabila la Kiowa, wakamlea kama binti yao. Kisha na hao Wakiowa waliomlea wakauawa. Yatima mara mbili! Ana mjomba na shangazi mbali sana, upande wa kusini. Mzee anakubali kumfikisha kwao. Hawasikilizani lugha, na njia ni ndefu.

Nilipoitazama mara ya kwanza peke yangu kwenye kompyuta ya rafiki, nilishika sana habari ya usomaji. Nilijiona mimi mwenyewe. Katekista ni nani, kama si mtu anayesimama mbele ya watu waliochoka, akawasomea habari zilizotoka mbali? Pana mahali Kidd anafika katika wilaya moja inayotawaliwa na jitu liitwalo Farley, mtu mkali, mwenye gazeti lake la kujisifu. Farley anamwamuru asome gazeti hilo. Kidd anaanza, halafu analiweka kando. Badala yake anawasomea habari ya wachimba makaa ya mawe wa mbali walionusurika katika moto. Watu wa kazi wanasikia habari ya watu wa kazi wenzao, na macho yao yanabadilika. Hakuhubiri, hakutukana. Alichagua tu la kusoma. Mafundisho yale nimeyaweka moyoni, maana hata sisi kila Jumapili twachagua tutakalowasomea watu na tutakaloliacha.

Pana jambo jingine. Waovu wanamfukuza Kidd kati ya majabali ili wamnyang'anye msichana. Bunduki yake ni ya marisau madogo ya kupigia ndege, haiumizi mtu kwa mbali. Ndipo Johanna anachukua zile senti kumi kumi, malipo ya kusoma, anazishindilia ndani ya maganda ya risasi, na mzee anazipiga. Mtu ataona ni akili ya mtoto, naye atashangilia. Mimi nilinyamaza. Fedha ya kusomea watu imekuwa risasi! Mara ngapi katika nchi yetu tumeona fedha ya shule na dawa ikienda njia hiyohiyo?

Kwa hayo yote nilidhani sinema hii itawafaa watu wangu. Nilikosea, nami nakiri kosa langu.

Kwanza, lugha. Wachezaji walisema Kiingereza, maandishi ya chini yalikuwa ya Kifaransa, mimi nikapaza sauti kwa Kiswahili, na mama mmoja nyuma akawafasiria wazee kwa Kinyabwisha. Ikawa makelele ya Babeli. Lakini hilo si kitu. Ilipofika vita ya majabali, na risasi ya kwanza kulia katika spika, watoto wote wa mbele walilala kifudifudi. Hawakupiga kelele. Hawakulia. Walilala chini kimya, mikono juu ya kichwa, kwa utaratibu, kama watu waliofundishwa. Yule mtoto wetu alikuwa ameingia chini ya benchi la mzee wangu, na mzee alikuwa ameteremka kumfunika kwa koti lake.

Nilizima mashine. Taa zikawashwa. Mama mmoja mzee, aliyefiwa na watu wake hapa Kiwanja katika siku zile mbili za Novemba 2008, wakati watu wasiopungua 150 walipouawa, alisimama akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hizo tumezisikia bila kulipa. Kwa nini utuletee tena?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala.

Sisemi kwamba sinema za bastola ni dhambi. Mtu wa nchi yenye amani huenda akatazama risasi kama mimi ninavyotazama theluji: anajua ipo, haijamwangukia. Tena hii si mbaya. Imesikitika juu ya vita kuliko kuisifu. Ila sauti ya bunduki haingoji mtu aelewe nia ya mtengenezaji. Inamfikia kabla ya hadithi. Kila mwenye kuonyesha picha yampasa awajue watazamaji wake kabla ya kuijua sinema yake. Mimi nilikuwa nimejua sinema, nikawasahau watu.

Wiki mbili baadaye nilitundika shuka tena. Wengi hawakuja. Waliokuja waliketi nyuma, tayari kutoka. Mzee wangu alirudi mahali pake karibu na mlango.

Sinema ya pili yaitwa The Kid, yaani Mtoto. Ni ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1921. Fikirini, ina miaka zaidi ya 100! Haina rangi, haina maneno ya kusemwa, ina muziki tu na vibao vya maandishi machache. Mama maskini, asiye na mume, anamwacha mtoto wake mchanga ndani ya gari la matajiri, akitumaini watamlea. Wezi wanaiba gari lile, wanamkuta mtoto, wanamtupa kichochoroni. Hapo anapita Chaplin, mtu asiye na kitu, kofia ya mviringo na viatu vilivyotoboka. Anamwokota. Hataki kumlea! Anajaribu kumwachia mama mwingine, anajaribu kumwachia mzee, hata anatazama kama mfereji wa maji machafu ungemfaa. Watu wakacheka. Kisha anaona karatasi ya mama yake, yenye ombi la kumpenda yatima huyo na kumtunza. Anamchukua nyumbani.

Miaka mitano inapita. Sasa baba na mtoto wana kazi. Mtoto anatangulia na mawe, anapasua vioo vya madirisha ya watu. Dakika chache baadaye Chaplin anapita na vioo mgongoni: fundi wa madirisha, nani ana kazi? Ukumbi wetu uliangua kicheko, maana hakuna mtu wa Kiwanja asiyejua maana ya dirisha kupasuka na fundi kutokea upesi. Mzee wangu alicheka hata kofia ikaanguka. Baadaye darasani tulijadili amri ya saba, kama kupasua kioo ili upate kazi ya kukitengeneza ni wizi. Darasa zima lilisema ni wizi, ila wote waliomba kuiona tena.

Halafu mtoto anaugua. Daktari anakuja, anaiona ile karatasi, anajua kwamba Chaplin si baba mzazi. Anapeleka habari serikalini. Wanakuja watu wa nyumba ya yatima na lori, wanamkamata mtoto, wanamtupa nyuma kama mzigo. Mtoto analia na kunyosha mikono. Chaplin ameshikwa na polisi. Anajikwanyua, anapanda juu ya mapaa, anakimbia paa hata paa, lori likipita chini barabarani, mpaka anarukia ndani yake, anamfukuza yule bwana, na kumkumbatia mtoto wake.

Katika ukumbi hakuna aliyecheka tena. Kina mama walisimama wakipiga makofi na kumwita akimbie upesi. Hakuna aliyehitaji mkalimani. Mtoto wetu alikuwa amesimama juu ya benchi, na mzee wangu amemshika kiuno asianguke. Vita ile ilikuwa kubwa kuliko ile ya majabali, lakini hakuna mtoto aliyelala chini.

Chaplin aliyajua mambo haya kwa mwili wake. Alikulia London katika umaskini. Akiwa na miaka saba alipelekwa katika nyumba ya maskini pamoja na mama yake na kaka yake, kisha akatengwa na mama yake. Na mwaka 1919, kabla ya kuitengeneza sinema hii, mwanawe wa kwanza alikufa akiwa na siku tatu tu. Hata yule mtoto mchezaji, Jackie Coogan, alikuja kupata taabu: alipokua alikuta mama yake na baba wa kambo wametumia mali yake karibu yote, mpaka jimbo la California likaweka sheria mwaka 1939 ya kulinda mapato ya watoto wa sinema. Kichekesho hicho kilizungukwa na machozi pande zote.

Sehemu moja sikuipenda. Karibu na mwisho Chaplin anaota ndoto ya mbinguni: mtaa wao maskini umejaa maua, kila mtu ana mabawa, hata mbwa. Mlinzi wa lango anasinzia, dhambi inapenya, na mara watu wenye mabawa wanapigana. Nilipokuwa seminari tungesema hiyo si mbingu ya kweli, kwa maana huko dhambi haiingii. Mzee wangu alinijibu, "Mwalimu, huyo hakuchora mbingu. Amechora parokia." Sikubishana naye.

Basi, hayo yalikuwa maoni yangu ya Agosti. Mwezi wa Oktoba vita vilifika hapa kwetu, tukawa na mambo mengine ya kuwaza. Tulikimbia, tukarudi, mtoto wetu kati yetu wakati wote. Mwaka 2023 ndipo ulipogongwa ule mlango.

Alikuja mtu mwembamba, mwenye matope ya safari. Alikuwa kaka wa baba wa yule mtoto. Mwaka 2022 alikuwa amevuka mpaka wa Uganda, akapita kambi ya Nyakabande, kisha akapata shamba la kukodi upande wa Kisoro, analima viazi. Alikuwa ameuliza habari za mtoto kwa kila mtu wa Jomba aliyekutana naye. Aliuza mbuzi ili apate nauli. Akasema, "Mwalimu, nimesikia Mungu aliniwekea mtoto kwako. Nimekuja kukushukuru na kumchukua."

Wasomaji wapenzi, katekista ni mwanadamu. Nilimkaribisha, nikampa kiti, lakini moyoni nilikuwa juu ya mapaa. Nilimwona kama yule bwana wa lori. Nilikumbuka pia mwisho wa sinema ya Texas: Kidd anamfikisha Johanna kwa mjomba na shangazi, anawaachia, anaondoka. Ndugu hao ni baridi, watu wa kazi tu. Kidd anaporudi anamkuta msichana amefungwa kamba kwenye nguzo kwa sababu alikuwa akitoroka. Anamchukua, na watazamaji wote wanashangilia. Nikamtazama mgeni wangu mikononi, nikatafuta ile kamba.

Kamba haikuwapo. Alikuwa na mkate na shati jipya la mtoto, kubwa mno kwa mwili wake, kwa kuwa hakujua amekua kiasi gani.

Usiku mke wangu aliniambia, "Baba watoto, wewe unataka huyu mtu awe mbaya ili upate ruhusa ya kumnyima." Ndivyo ilivyokuwa.

Hapo nikaona kasoro iliyomo katika sinema zote mbili, nami naisema waziwazi. Zinampa mpendwa wetu adui rahisi. Nyumba ya yatima ina watu wakali, mjomba wa Texas ana kamba, basi mtazamaji hana kazi ya kuamua. Lakini maisha huleta mara nyingi watu wawili wema na mtoto mmoja. Kwa jambo hilo bastola haisaidii, wala mapaa hayasaidii.

Nikazirudia hadithi zote mbili kichwani mpaka mwisho wake. Ile ya Texas inakwisha kwa kuondoka: mzee na msichana wanasafiri pamoja, wanawasomea watu habari, na nyumba ya ndugu imebaki nyuma. Ni mwisho mtamu, lakini umeufunga mlango mmoja. Ile ya Chaplin inakwisha kwa mlango kufunguliwa. Mtoto amerudishwa kwa mama yake mzazi, ambaye amekuwa tajiri. Chaplin analala kizingitini pake, hana kitu. Polisi anamwamsha, anampandisha garini, naye anadhani anapelekwa gerezani. Kumbe anapelekwa nyumbani kwa mama yule. Mlango unafunguliwa, mtoto anamrukia, na wote wanaingia ndani. Mama hakumpoteza mtoto kwa ajili ya Chaplin, wala Chaplin hakumpoteza kwa ajili ya mama.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kichekesho kilijua zaidi. Kile cha bastola kilifikiri sana juu ya nani mwenye haki ya mtoto. Kile cha kuchekesha kiliuliza kama mlango ni mpana wa kutosha.

Tulimwita mtoto, tukamweleza, tukamwuliza. Alinyamaza sana. Kisha akauliza, "Nikienda, mtakuja kunitafuta?" Mjomba alijibu kabla yangu: "Atakuja, na mlango wangu uko wazi." Wakaondoka asubuhi, mtoto na lile shati kubwa, na sufuria yake isiyo na mfuniko. Mke wangu alikaa jikoni bila kuwasha moto mpaka saa sita.

Baada ya mwezi na nusu nilipanda pikipiki hadi Bunagana, nikavuka mpaka, nikafika kwao chini ya mlima Muhabura. Alikuwa shambani na watoto wengine, wanaokota viazi. Nilitarajia atanirukia kama yule mtoto wa sinema. Hakurukia. Alinitazama, akamaliza kwanza mstari wake, akapangusa mikono, akaja. Mbele ya mjomba wake hakuniita Baba. Alisema, "Karibu, Mwalimu." Likanichoma kidogo, nikalimeza, ni adabu njema, maana baba wa nyumba ile alikuwapo. Mjomba alifungua mlango, tukala viazi na maharage. Jioni mtoto alinisogelea akanong'ona, "Umeleta ile sinema ya mapaa?"

Sikuwa nimeileta. Safari ya pili niliibeba katika simu, nao wakaitazama nyumba nzima, watu tisa kwenye kioo kidogo kama kiganja. Nilipofika mahali pa lori mjomba alifunika uso kwa mikono.

Ninyi wazazi wa ubatizo, na ninyi mliopokea watoto wa vita ambao hamkuwazaa, nawaomba jambo moja. Yosefu wa Nazareti alilea mtoto asiye wake, na alipompoteza alirudi Yerusalemu kumtafuta kwa uchungu siku tatu. Hakupewa kummiliki, alipewa kumtunza na kumtafuta. Siku ndugu wa mtoto akigonga, msitangulie kutafuta kamba mikononi mwake. Mpeni kiti. Mwulizeni mtoto. Na mkisha kuagana naye, shikeni njia mwende kumwona, hata kama ni mbali, hata kama atakuita Mwalimu.